Mbavu za Upande wa Pili

Nilimpelekea Ilario bahasha ya arbuni
siku theluji ilipoziba nusu ya barabara ya Predazzo.
Nilishuka basini na mabuti ya ghalani,
yale ya mpira, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi
lakini miguu haiulizwi.
Miaka thelathini na mmoja nimepanga matufaha kule Cles:
zuri, zuri, lenye doa weka kando.
Hiki ndicho kiinua mgongo, nikamwambia,
na mgongo wenyewe bado umeinama.
Wanangu wanataka ninunue jiko.

Hakuzihesabu. Akasema, "Lete mkono."
Si wa salamu, wa kupimwa.
Akalaza rula ya chuma toka gumba hadi kidole cha mwisho,
akaandika namba ukutani kwa penseli
katikati ya namba za watu nisiowajua,
wengine labda wameshazikwa.
Kisha akataka nitoe sauti ya chini kabisa
nisiyoionea haya.
Nikaguna kama friji kuukuu.
Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari.

Akanishikisha ubao wa msonobari,
uliokatwa mwezi ukipungua, ukakaa miaka kumi na minne ukikauka.
"Hapa, pembeni. Usiubane."
Akaugonga kwa kifundo cha kidole.
Sikusikia mti.
Nilisikia mtu anabisha hodi
kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa.
"Foleni ni miezi kumi na tisa," akasema. "Na usinipigie simu."

Sikumpigia. Yaani, nilimpigia mara tatu.

Ya kwanza, alikuwa anaupinda mjozi kwenye bomba la moto;
mti ukiukimbiza, alisema, hukuvunjikia usoni.
Ya pili hakusema neno. Aliweka simu mezani
nikasikiliza randa, shii, shii,
hadi salio likaisha.

Ya tatu simu aliishika Marzia, binti yangu,
maana mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala
tangu asubuhi ya mkesha wa Pasaka,
sahani ilipodondoka nami nikaitazama
kama sahani ya jirani.
Vile vidole vinne vya kubana nyuzi,
vilivyoandikwa ukutani kwa penseli,
vilining'inia kama glavu.
Mwambie auze, nikasema. Maneno yalitoka yamelowa.
Mwambie arbuni ni yake.

Kimya. Nikasikia msasa ukiwekwa chini.
"Wa kulia je?"
Mzima.
"Na huo wa kushoto, hauwezi hata kukwaruza?"
Gumba. Kidogo. Kama kuku.
"Kuku anatosha," akasema, akakata simu.

Novemba tulikwenda, Marzia akiendesha, tukizozana juu ya jiko.
Gita lilikuwa juu ya blanketi, limegeuzwa:
shingo kwa mkono wa kulia, nyuzi nene zimehamia ng'ambo.
Na ukutani, karibu na dohani, kilining'inia kifua cha gita
kisicho na mwili, tundu lake limenakshiwa tayari,
mbavu zake zimegandishwa tayari, moja moja,
kwa upande uliokuwa wangu.

Mbavu hufuata nyuzi, alinieleza. Nyuzi zikihama,
kifua cha zamani hudanganya.
Nidai basi na hicho, nikasema.
Akapuliza vumbi kwenye patasi.
"Hicho ni cha mkono ulioagiza.
Bado haujaja kukichukua."
Namba yangu hakuifuta. Kando yake
alikuwa ameandika nyingine.

Usiku ule, kitandani, niliangusha gumba
juu ya uzi mnene kuliko yote.
Marzia akauliza toka jikoni
kama friji imeharibika tena.
Nikamwambia ndiyo.