Waragi kwa Pamba

Arua, saa nane mchana, umeme umerudi.
Kompyuta ya Andama, mhazini mstaafu,
inaiguguna diski: krr, krr,
kisha inaitema.

Nimefungua kifuniko. Ukanda wa mpira
umeyeyuka kama sukari guru juani.
Nimekata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli,
nikauvisha. Krr.

“Kichwa kina uchafu. Spiriti ipo?”
Candiru analeta waragi ya babake.
Tone moja kwenye pamba, polepole,
kama anayemfuta mtoto jicho.

Tunangoja. Taa ya kijani. Kimya.
Halafu majina: wadaiwa wa chama, msimu wa tumbaku,
na la kwanza kabisa, Andama.

Anatazama, anatazama.
“Itoe,” anasema. “Na hiyo waragi,
mmebakiza?”