Mguu wa Kushoto

Ambakisye, shusha mabega.
Hii si pikipiki ya stendi ya Uyole,
hapa hakuna mafuta ya kuvuta kwa kiganja.
Hatamu ishike kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara:
asichomoke, asiumie.

Siku ya tatu leo Kipupwe anagoma
penye turubai la buluu juu ya viazi.
Masikio mbele, pua zinafoka,
kwato zinachimba tope la Isongole.
Usimpige.
Hajui kama ni viazi. Wewe je,
ulijua nini siku ile kwenye kona ya Igawilo?

Pumua. Mgongo wake unalisikia tumbo lako
kuliko masikio yanavyosikia mdomo.
Mwache atazame.
Mwezi wa sita nilisimama naye hapa saa nzima,
sakitu juu ya pareto, vidole vimekufa,
wapita njia wakiniuliza kama anauzwa.

Haya. Ameinamisha shingo.
Amenusa, amepiga chafya, amepita.

Nawe umepita,
macho umefumba, mjinga wewe,
lakini mikono imelegea.

Kesho mpaka msitu wa Ngozi unapoanzia.
Na utampanda kwa mguu wa kushoto,
huohuo wenye vyuma.