Kosa la Mbili

Likizo ilipofika
mama alianza: "Toka!
Kulala hakujaweka
hata wali sufurini."

Kaka yangu ni Shekuwe,
ana punda, ana mawe,
aniambia, "Na wewe
njoo beba, si utani."

Shangazi ana achari,
embe mbichi na sukari,
ataka niwe tayari
kuzitembeza njiani.

Shoga yangu Mwanawetu
hushona kofia zetu,
kila tundu sindano tu,
ameishia miwani.

Mimi sina nguvu hizo,
achari nina kikwazo:
nitazila kwa mchezo
zote, nibaki na deni.

Bibi yangu ni mkunga,
na darini alifunga
kwenye gunia la unga
chombo chake: ni mizani.

Ya kusimama, ya chuma,
ilopima kina mama
mimba zikiwasukuma,
kutu tele miguuni.

Akanipa, akatua:
"Kilo mbili hupungua.
Ziongeze kila saa,
usimpunje jirani."

Niliisugua ndimu.
Mshale, kama kalamu,
ukarudi kwenye zamu
nyuma ya kioo duni.

Nikaketi kwa Famau,
muuza nyama. Dharau!
"Leo twapimwa miguu?"
walisema barazani.

Niliandika kwa chaki:
"Kumi tu. Kilo ni haki."
Siku tatu sikumbuki
kumi moja mfukoni.

Ya nne, Famau kaja
na panga lake pamoja.
Kilo zake mia moja!
Akang'aka: "Si yakini!"

"Toa panga." Akatoa.
Mshale ukasogea
kidogo tu. Kikalia
kicheko kote Langoni.

Foleni wakaipanga:
bwana harusi mchanga,
mzungu kavaa kanga,
karani wa Mkomani.

Mwingine kaja na kuku,
apime naye, shauku;
nikatoa, bila chuku,
zake yeye hesabuni.

Nikajifunza kusema
kilo kwa sauti njema,
isije ikasimama
mdomoni mwa fulani.

Kulikuwa na mmoja,
kila Jumatatu aja,
sarafu moja kwa moja
aitia kiganjani.

Bi Zahara wa bajia,
ambaye nilimjua
mnene, akitembea
vichochoro taabani.

Wiki ya kwanza, sabini.
Wiki ya pili, sitini
na saba. Ya tatu, nini?
Sitini na nne. Kwani?

Akaniuliza, "Kweli?"
"Ina kosa, Bi, la mbili,
nimeongeza kamili."
"Mbili nyingine, jamani?"

Ningesema, ni rahisi;
mbili ni kitu chepesi,
ningempa na nafasi
ya kulala kwa amani.

Nikaona ile kutu,
wale wote, wale watu
bibi hakuwapa katu
kilo moja ya kubuni.

Nikamshika kiwiko:
"Ni zile zile ziliko.
Kituo cha dawa kiko
juu pale. Twende lini?"

Akanitazama sana,
akafunga shungi tena,
akasema, "Kesho, mwana,
wasijue barazani."

Siku ile sikupata
shilingi. Tulifuata
foleni, tukajifuta
jasho la hofu usoni.

Majibu yake ni yake,
usitake niyaweke
hapa, mtu ayashike
akayauze sokoni.

Likizo sasa yaisha.
Nimepata za kutosha
viatu, na kuchemsha
wali wetu sufurini.

Mwalimu akikagua
beti hizi, atajua
pale palipopungua,
atauliza: "Kwa nini?"

Nitamwambia: "Ongeza,
Mwalimu, bila kuwaza,
mbili: nimeshaeleza
kosa la mizani."