Kati ya Bitana na Uso

Wengine huja na rangi:
nipe samawati, nipe ile ya komamanga.
Nyaboke alikuja na njiti ya kiberiti,
akaisimamisha juu ya meza yangu ya kukatia
hapa Kenyatta Market, kibanda cha tatu toka kwa wasusi,
akaivunja nusu kwa ukucha:
"Hiki ndicho kimo kinachotukosesha amani."

Meza mbili, akaeleza. Yake ya mvule, miguu minene,
na ya Odanga, ya saiprasi, fupi kwa hiyo nusu njiti.
Walioana Aprili. Watoto watano, watatu huku, wawili kule,
na hakuna aliyekubali meza ya kwao iende stoo.
Basi zimesukumwa zikagusana vichwa,
na pale zinapogusana, glasi ikivuka huanguka.
"Nataka kitambaa kirefu kilale juu ya zote mbili.
Kisiseme uongo. Lakini kisilitaje."

Nikamwambia anipe hadi Alhamisi.

Uso haukunitisha, uso ni kazi ya macho:
vipande vya kitenge, kahawia na njano ya haradali.
Nilichokihofu ni kile cha ndani,
kinacholala baina ya bitana na uso,
kisichosifiwa na mgeni yeyote.

Nikateremka Mtaa wa Biashara.
Hansa akanishushia robota baada ya robota.
Polista: nyeupe, imefura, bei ya chini.
Nikaibonyeza, ikainuka. Nikaibonyeza tena, ikainuka tena,
kama mtu asiyejua kwamba mjadala umekwisha.
Ila itue sufuria ya githeri toka motoni,
itasinyaa, itanuka, itang'ang'ania chuma.
Na glasi juu yake husimama kama mlevi juu ya godoro.

Sufi je? Laini, jamani, laini ya kutia usingizi.
Lakini sufi hutembea. Ifue mara tatu,
utaikuta imejikunyata kwenye kona moja,
katikati imeacha ngozi tupu.
Niliwahi kuwa na mto wa sufi.
Niliwahi kuwa na mume wa namna hiyo.
Tuendelee.

Sufu ya kondoo wa Molo hupenda moto, huchukia maji,
na nani atamzuia mtoto wa miaka minne na bakuli la supu?

Pamba, basi. Pamba bapa, iliyopigwa ikatulia,
na punje nyeusi za maganda ya mbegu humo ndani.
"Tabaka moja au mawili?" Hansa akauliza, mkasi wazi.
Nikaitoa mfukoni ile nusu njiti,
nikailaza kando ya pamba, nikahesabu.
"Nikatie ya matatu."

Usiku niliiloweka kwenye beseni.
Isinyae kwangu, isije ikasinyaa kwao.
Julai hii haikauki kitu; siku mbili ilining'inia
juu ya jiko, ikinusa nyama choma ya jirani.

Upande wa mvule, tabaka moja.
Upande wa saiprasi, matatu.
Na pale zinapokutana sikutumia mkasi:
pamba iliyokatwa huacha ukingo,
iliyochanwa kwa vidole hupotea polepole,
nyuzi zikiingia katika nyuzi,
hata mimi sikujua tena la kwanza liliishia wapi.

Ijumaa nikakitandika mwenyewe, kwao Jamhuri.
Odanga akasema kizuri, bila kuinua macho kwenye simu.
Mokaya akauliza kama chakula kiko tayari.
Ni Nafuna, wa saba kuzaliwa mwaka huu miaka yake,
aliyepitisha kiganja, taratibu, toka kwao hadi kwa wenzake,
akarudi nyuma kidogo, akasimama.
"Ni hapa," akasema. "Umeweka nini hapa?"
"Pamba."
"Pamba tu?"
"Pamba tu."

Akachukua kikombe chake cha chai, kimejaa,
akakiweka palepale.
Kiliinama kidogo, kama mtu anayetega sikio.
Sote tukakitazama.

Kisha Nyaboke akakumbuka mia nane zangu zilizobaki,
akaenda kutafuta mkoba.