Dakika Tatu Mbele ya Kamati, Augusta

Waheshimiwa, natoka Caribou.
Kwa sikio la lugha yangu ni karibu,
lakini nimeendesha saa nne gizani,
chumvi ya barabara imenigandia surualini.

Mimi si mpenzi wa bunduki.
Nilizaliwa Fizi; mlio wake niliujua
kabla sijajua kuhesabu.
Basi msinihesabu upande wowote.

Machi iliyopita, theluji ikifika magotini,
Verlin Thibodeau aligonga mlango wangu.
Mkewe Doreen alikuwa hajazikwa:
kule ardhi ikiganda, maiti hungoja iyeyuke.
Alikumbatia kitu kirefu
ndani ya blanketi la mtoto.
“Nishikie,” alisema, “hadi tumzike.”
Sikuuliza.
Nikakifukia chini ya magunia ya viazi.
Yeye akanywa chai,
akalala kwenye kochi na viatu vyake.

Sasa kifungu chenu cha tisa chasema
anayepokea silaha bila duka,
bila fomu, bila muhuri,
ni mhalifu.
Saa nane usiku, duka gani?
Na ni fomu ipi yenye mstari
wa kuandika: naiogopa mikono yangu?

Sisemi mchane muswada.
Mengi yaliyomo nayaunga mkono, na wanangu wanasoma shule.
Hiki kimoja kirudisheni mezani,
mkiandike upya kama watu
waliowahi kugongewa mlango.

Naona taa nyekundu. Namalizia.

Doreen tulimzika Mei.
Bunduki ingali kwangu.
Hajaiulizia.
Sijamkumbusha.