Tone la Tatu

Mwaka ule mikarafuu ilibeba hadi matawi yakainama.
Melkiori alipanda mti wa mwisho wa siku, kule Mtambwe,
pakacha kiunoni, hesabu ya mabati kichwani:
ishirini na manne, nyumba nzima.
Tawi halikumuuliza hesabu.

Huu ni mwaka wa tatu amelala chali.
Miguu ipo, anaiona,
ila yeye nayo hawasalimiani.
Asubuhi namgeuzia dirishani, mchana ukutani,
nampaka mafuta ya nazi mgongoni, kidonda kisizae kidonda,
kisha naenda sokoni Wete na ndoo yangu ya vitumbua.

Sitawadanganya. Nilinuna.
Nilimnunia mume, nikamnunia Mungu,
kanisani mdomo ukatembea mtupu
kama mlango ulioachiwa upepo.
Kanisa letu ni watu kumi na wanne, tukitimia.
Kengele yetu ni ringi ya gari.
Mgeni mmoja alinishika bega: "Furahi, dada,"
kama anayempa mtoto peremende.
Nilitamani kumwonyesha shuka nilizofua alfajiri ile.

Raha naijua. Ni chai ya tangawizi, ni kivuli,
ni ndoo kurudi tupu kabla ya adhuhuri.
Ukiinuka, haikusindikizi.
Hiyo nyingine sikujua inakaa mtaa gani.

Ndipo vuli ikaja usiku wa manane, bila hodi.
Paa letu ni makuti makuukuu
(yale mabati hayakufika).
Tone likamwangukia Melkiori katikati ya paji.
Nikanyamaza gizani, nikimngoja atukane.
Tone la pili, palepale.
La tatu.
Akasema taratibu, kama asomaye cheti:
"Eufrazia, mvua imenibatiza upya,
na haikuuliza hata jina la msimamizi."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.
Naye akacheka, kifua kikitikisika peke yake,
na kitanda cha kamba kikaanza kulialia
kama kinachotaka nacho kielezwe.
Bi Mize akaja mbio na tochi, kanga kichwani:
"Kuna nini? Mmefiwa?"
Maana kicheko cha saa nane usiku hufanana na msiba.
"Nimebatizwa, Bi Mize."
"Tena?" akauliza, Mwislamu wa ukoo mzima,
na hapo tukapotea sote watatu.
Akarudi kwake, akaleta beseni lake la kukandia unga,
akalitega mwenyewe chini ya tundu.
Tang.
Tang.
Mpaka alfajiri.

Hakupona mtu usiku ule.
Deni la dukani kwa Shaame lilikuwa palepale.
Lakini kati ya tang na tang nilijikuta nasali,
siombi kitu,
wala sikumbuki nilianza lini.
Alikuwapo. Sijui niseme vipi zaidi.
Si kama aliyeingia na maji;
kama aliyelala chali na mume wangu miaka yote hiyo,
wakihesabu pamoja mapengo ya makuti.

Wachumaji wanajua: karafuu haingojwi ichanue.
Ikichanua imekwisha bei.
Huchumwa ingali imefumba, huvunjwa kikonyo,
huanikwa juani mpaka iwe ngumu, nyeusi, msumari mdogo,
na hapo ndipo harufu yake haikubali sanduku.
Sisemi nimeelewa.
Juzi tu nilinuna tena, nusu siku nzima.
Lakini nilipochoka kununa, ilikuwa bado ipo,
imekaa mlangoni, hainidai.

Jumamosi Kombo na vijana wenzake wa msikitini
walipanda kutuwekea makuti mapya.
Melkiori akawaomba waache kitundu kimoja, juu ya paji lake.
Wakatazamana, wakadhani ni homa.
Wakakiacha.

Beseni la Bi Mize bado liko kwetu.
Yeye siku hizi anakandia unga kwenye sufuria,
na kila nikimpelekea
anasahau kulipokea.