Kidato cha Tisa

Nyumba ya baba huko Harlingen ni nyembamba
kama kitabu kilichobanwa rafuni,
na ngazi yake ya mbao imesimama wima, nusura iwe ukuta.
Unaipanda kwa magoti, unaishuka kwa dua.

Kila Jumamosi, miaka arobaini na mmoja,
baba aliipaka nta ya nyuki
akaisugua kwa fulana kuukuu
hadi mbao zikamwonyesha uso wake.
"Mama yako alipenda ing'ae," husema,
kana kwamba mama yuko juu, anakagua.

Novemba aliteleza mara ya kwanza.
Hakusema. Aliniambia jirani, Bi Tjitske,
aliyesikia ukutani kishindo,
kisha tusi,
kisha kimya kirefu kuliko tusi.
Mara ya pili aliniambia daktari.
Ya tatu sikuingoja.

Nimekuja na msasa, brashi, kopo la vanishi,
na mfuko wa mchanga laini kama chumvi ya mezani,
wa kuchanganya humo, vanishi ipate meno.
Muuza rangi alinionya: nta yote iondoke kwanza,
juu ya nta hakishiki kitu,
hata ahadi.

Baba aliketi chini, mkono kwenye bendeji,
akinitazama nikikwangua Jumamosi zake
moja baada ya nyingine.
Vumbi lilinukia asali.
"Unaichuna ngozi," akasema.
"Naichuna, Heit. Sogeza kahawa yako."

Kidato cha tisa kina bonde.
Pitisha kiganja utalihisi, upande wa kulia,
pale mama aliposimama kila usiku, akageuka,
akauliza kama mlango umefungwa.
Kisigino kimoja, swali moja, miaka yote hiyo.
Na ni hapo hapo
mguu wa baba ulipomtoka, mara zote mbili.

Muuza rangi alisema: sawazisha.
Muuza rangi hakumjua mama.
Msasa wangu ukalizunguka bonde
kama mtu anayefagia bila kumwamsha mtoto,
kisha nikalimwagia mchanga maradufu.

Vidato vya witiri leo, vya shufwa kesho,
ili pa kukanyaga pasikosekane.
"Ukanyage shufwa tu," nikamwambia.
"Nilikuwa karani wa bandari," akajibu,
"hesabu nazijua."

Asubuhi nikakuta, katika cha tisa,
unyayo wa soksi umekauka ndani ya vanishi,
na nyuzi za sufu ya kijivu
zimesimama kama nyasi baada ya baridi.
Sikumuuliza. Alikuwa akipaka siagi mkate
kwa makini yasiyo ya kawaida.

Mchana nilikaza pete sita za shaba
nikapitisha kamba ya meli, nene,
ya kushikwa na mkono wenye baridi yabisi.
Ngazi haing'ai tena. Ina rangi ya chai iliyopoa.
Baba aliweka mguu, akaonja kwa soli.
"Inakwaruza," alisema, "kama ulimi wa ng'ombe."
Lakini akapanda.
Moja. Mbili. Kamba ikalia kidogo kwenye pete.

Kwenye cha tisa akasimama,
akageuka polepole, mimi nikiwa chini
nimenyoosha mikono kama mpumbavu.

"Mlango umefungwa?"

Nikasema umefungwa.
Halafu nikaenda kuufunga.